Wanaume Wasiofika Hamsini

Dobi alikuwa anapiga pasi shuka za nyumba ya wageni, na kila alipoikandamiza pasi, kichwani mwake kulikuwa na mtu anayemkandamiza. Siku ile alikuwa mumewe. Seremala mzima, mabega yanajaza mlango, amelala chumbani wiki ya tano akingoja kufa. Homa hana. Jeraha hana. Daktari kampima moyo, damu, mpaka mkojo, akasema huyu mzima. Lakini chakula kinarudi kama kilivyokwenda, na suruali sasa anaifunga kwa kamba.

Ugonjwa wenyewe ni hesabu. Kwao, eti, mwanamume hafiki hamsini. Babu alikufa na arobaini na tisa, baba vilevile, kaka mkubwa vilevile, na kitambulisho cha seremala kinasema mwezi ujao anatimiza hamsini. Dobi alikwisha kumwambia mpaka koo likakauka: babu aliangukiwa na mti, baba malaria, kaka alipanda pikipiki amelewa.

"Sasa wewe utaangukiwa na nini humo kitandani, dari?"

Seremala aligeukia ukutani. Randa na misumeno alikwisha kumgawia jirani. Hapo ndipo dobi alipoingiwa na hofu, maana seremala anayegawa randa yake hatanii.

Na mchochea moto alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa seremala. Kila Jumamosi anakuja, anakaa karibu na meza ya pasi, anafuta machozi ya msiba ambao haujatokea. Uchuro mtupu. Siku ile alikuja kuuliza wageni watalala wapi.

"Wageni gani, wifi?"

"Wa mazishi. Bora kujipanga mapema. Maskini mdogo wangu, nimemlea mimi. Hata shule nilimwandikisha mimi. Mwalimu wa kwanza alimkataa, akasema huyu keshakomaa. Nikarudi kesho yake kwa mwalimu mwingine, nikamkata miaka mitatu palepale, akapokelewa."

Dobi akaisimamisha pasi. "Ulimkata mingapi?"

"Mitatu."

Wiki tano! Wiki tano mwanamke huyu amekuja kulia hapa na hiyo mitatu kaifungia kinywani kama pipi. Dobi akausukuma mlango wa chumbani kwa mguu.

"Baba watoto, amka. Una hamsini na mbili. Hicho kifo chako kilishapita, wala hukukiona. Muulize dada yako."

Seremala akauliza. Dada akaitikia kwa sauti ya chini kuwa ndivyo.

"Basi mwaka wangu wa arobaini na tisa ndio nilioezeka paa la shule," seremala akasema taratibu. "Na nilikuwa nakula vizuri." Akaketi. Kisha uso ukamkunjamana. "Na randa yangu nimempa yule mlevi?"

Akatoka na fulana, suruali kaishikilia kwa mkono isimvuke, moja kwa moja kwa jirani. Dobi alicheka huku machozi yanamtoka.

Wifi akajikohoza. "Basi labda tulikosea. Labda ni sitini."

"Toka," dobi akamwambia, wala hakupaza sauti. "Ukirudi hapa na hesabu nyingine, nitakupiga pasi wewe."

Wifi alipokwisha kwenda, dobi akageuka, akamwona mwanawe, fundi bomba, kasimama mlangoni na spana yake. Kumbe alikuwa kasikia yote, na hakuwa anacheka.

"Mama," akauliza, "na mimi mliniandikisha na umri gani?"

Ana miaka ishirini na minane. Dobi akamtazama, akaelewa kwamba na huyu siku nyingi anahesabu.

"Nilikukata," akasema.

"Mingapi?"

"Sikumbuki. Baba yako hajui, na shangazi yako ndiyo kabisa. Nenda kaoge."

Alingoja mpaka maji yakaanza kumwagika bafuni. Kisha akalivuta sanduku chini ya kitanda, akatoa cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, chenye tarehe sahihi mpaka saa, akakichanachana.