Nilimshukuru mkuu kwa neno nisilolijua

Jamani, leo neno moja la Kiingereza limenifichulia kwamba nafutwa kazi.

Nafundisha gredi ya nne katika shule ndogo ya kibinafsi hapa Kayole. Ijumaa mkuu wetu alinisifu mbele ya wazazi, eti hajawahi kupata mwalimu kama mimi.

Leo asubuhi nikamtumia meseji kumshukuru kwa "fulsome praise". Nilidhani ni sifa tele.

Saa nne akaniita ofisini, akafunga mlango.

"Mwalimu, nani amekuambia?"

"Kuniambia nini, Madam?"

"Umeandika fulsome. Unajua maana yake?"

Nikajibu kwamba ni sifa nyingi.

"Wengine hulitumia hivyo," akasema. "Lakini pia ni sifa za kupita kiasi, zisizotoka moyoni. Nikajua umesikia."

"Nimesikia nini?"

Hapo ndipo alipotambua kwamba sikujua lolote. Akasema polepole, "Muhula ujao nafasi yako ina mtu mwingine. Nilikusifu ili usituache kabla ya mitihani."

Nilirudi darasani nikafundisha hesabu, nikikandamiza chaki ubaoni hadi ikavunjika.

Mtoto wangu anasoma hapo bila karo kwa sababu mimi ni mwalimu. Mama yangu bado sijamwambia.

Naogopa, watu wangu. Ungekuwa wewe, ungerudi?

Mimi kesho narudi. Nitamwomba mkuu barua ya kunipendekeza kwingine, aandike yote aliyowaambia wazazi, kisha atie sahihi.