Mkono Uliosikia Baridi

Jumanne asubuhi, kituoni pa tramu, ile treni ya barabarani, katika mtaa wa Forest huko ughaibuni, kila mtu alikuwa akiilaani baridi. Karibu yangu alisimama mama mmoja wa Bukavu na binti yake. Binti aliniambia kwamba mama yake alipata kiharusi majira ya joto, na tangu hapo mkono wa kushoto haukuhisi kitu, hata ukichomwa sindano. Walikuwa wakienda hospitali kwa mazoezi.

Glavu ya mkono huo ikaanguka kwenye theluji. Binti aliinama kuiokota, akataka kumvalisha, lakini mama akamzuia.

“Acha kwanza. Vidole vinaniuma.”

“Maman, mukono gani?”

“Ya kushoto! Baridi inaniluma, mutoto wangu. Naisikia!”

Akauinua ule mkono juu, akicheka huku machozi yakimtoka. Binti akapiga vigelegele, na watu ambao hawakuelewa hata neno moja wakapiga makofi. Tramu ilipofika, mama bado alikuwa amekataa glavu.

“Bon, sawa, baridi iniume kidogo. Nimeingojea sana.”

Nami nikavua zangu, nikavijaribu vidole. Namshukuru Mungu, vyote viliuma vibaya sana.