Swali la Filamu Isiyokuwepo

Nilitunga swali kuhusu filamu ambayo haipo duniani.

Sikuiona popote, sikuisoma popote. Niliibuni mwenyewe nikisuuza vyombo: jina lake, roboti wake, na jibu lake.

Likajibiwa. Kwa usahihi. Hata mikono ilikuwa haijakauka.

Tulia nikusimulie kwa mpangilio, maana mimi ni mwalimu, na jambo lililovurugika hunipandisha homa.

Tuna genge letu la kwenye simu, watu tunaopenda hadithi za sayansi ya kubuni: vyombo vya angani, roboti wenye wivu, watu wanaosafiri kwenda kesho na kurudi na mafua. Kazi yetu ni moja tu, kubadilishana maswali. Anayejibu sawasawa ndiye anayeuliza linalofuata. Hatutumii majina halisi. Mimi huko naitwa Darubini.

Genge nililianzisha mimi, na mwenyekiti nilikuwa mimi.

Usicheke. Katika chumba cha walimu, nikitaja roboti tu, wenzangu wote hukumbuka ghafla kwamba wana vipindi. Mke wangu hunisikiliza kwa upendo ule wa mtu anayesubiri mvua ikatike. Na mama mkwe, ambaye tunaishi naye, ni mkaguzi wa shule mstaafu. Mbele yake hata kupiga miayo naomba ruhusa, seuze kutaja viumbe vya sayari nyingine.

Kwa hiyo genge lile ndilo lililokuwa mahali pangu. Pale tu ndipo mtu aliponisubiri nifungue mdomo.

Tulikuwa na sheria moja kuu: swali hewa ni marufuku. Swali hewa ni swali kuhusu kitabu au filamu isiyokuwepo. Atakayeliuliza, nje. Sheria hiyo niliitunga mimi, na nilijivunia kila nukta yake.

Basi akaingia Kimondo.

Kimondo hakusalimia, hakujitambulisha. Alijibu tu. Ukiuliza ni sayari ipi iliyokuwa na bahari ya zebaki, amejibu. Ukiuliza roboti yupi aliogopa radi, amejibu, na amekusahihisha namna ulivyouliza.

Nikamwandikia, "Kijana, punguza mbio. Waheshimu waliokutangulia."

Akajibu, "Darubini, futa kioo chako. Kina ukungu."

Genge zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, kile kicheko cha meno bila macho.

Rafiki yangu Fundi Saa, mtengenezaji wa saa, akaniandikia pembeni. "Mzee, huyu anapekua mtandaoni. Hakuna kichwa cha namna hii."

"Tumtege," nikasema.

"Kivipi?"

Nikamweleza. Nitauliza swali hewa kwa makusudi. Mtu mkweli atasema hajui. Mwongo atabuni jibu, naye atakuwa amejianika mwenyewe. Ili nisije nikaonekana nimevunja sheria, nikamtumia Fundi Saa swali na jibu mapema, awe shahidi wangu.

Swali lenyewe nililiona tamu. Katika filamu *Mpishi wa Zohali*, roboti mpishi aliificha wapi sauti ya nahodha aliyekufa?

Jibu: ndani ya birika. Maji yakichemka, nahodha anaongea.

Sijui lilinijia kutoka wapi. Lilishuka tu kichwani kama mvua ya rehema, nikajiambia, kumbe nawe mwalimu una kipaji.

Nikalirusha kwenye genge.

Muuguzi, mwenzetu wa hospitalini, akasema hajui. Wengine wakasema hawajui.

Kimondo akaandika: "Ndani ya birika. Husikika maji yakichemka. Na aliyeuliza anajua alikolitoa swali lake."

Nilihisi ubaridi kuanzia kisogoni hadi kwenye soli za kandambili.

Fundi Saa akanipigia hapo hapo. "Mwalimu, jibu hili tulilijua wawili. Mimi na wewe."

"Ndiyo."

"Mimi sijamwambia mtu."

"Wala mimi."

Kisha akasema polepole, kama anayefungua saa ya bei mbaya, "Kaka, niambie ukweli. Wewe ndiye Kimondo?"

"Acha masihara!"

"Masihara gani? Unajiuliza mwenyewe, unajijibu mwenyewe, unajitukana mwenyewe ili genge lichangamke. Mzee, huo sasa ni ugonjwa."

Kukata simu tu, naye yuko kwenye genge anamwaga yote: filamu haipo, swali ni hewa, jibu lilikuwa kwangu.

Kimenuka.

"Mwenyekiti mzima!" akaandika mmoja.

"Ndiyo maana Kimondo hana hata picha," akaongeza mwingine.

Muuguzi, mwenye kichwa kilichotulia kuliko sote, akatoa hukumu. "Kusiwe na makelele. Darubini na Kimondo watume sauti zao sasa hivi. Zikiwa mbili tofauti, Darubini abaki tumsikilize. Ikija moja, atoke leo leo."

Nikatuma yangu upesi, inatetemeka kama ya mwanafunzi aliyechelewa gwaride.

Kimondo kimya.

Nilikaa mezani, rundo la madaftari mbele yangu, nikaitazama simu. Kimondo hakuwahi kutuma sauti hata mara moja. Kwa nini leo? Kwa nini aniokoe mimi, niliyemtega?

Ndipo nikasikia mtu akikohoa chumba cha pili. Kikohozi cha kusafisha koo, cha mtu anayetaka kuhutubia.

"Mimi ndiye Kimondo," ukuta ukasema.

Nikaugeukia ukuta.

Ukuta ukaendelea kidogo, ukanyamaza. Kisha simu yangu ikalia. Nikabonyeza. Kikohozi kile kile. Sauti ile ile.

"Mimi ndiye Kimondo. Darubini si mimi. Darubini ni mume wa binti yangu, yupo chumba cha pili, nasikia kiti chake kinavyolia. Filamu hiyo haipo. Ni hadithi niliyoitunga mwenyewe, namsimulia mjukuu wangu kila jioni. Darubini husahihisha madaftari upande wa pili, na ukuta wa nyumba hii ni wa mbao. Kwa hiyo swali ni hewa, lakini jibu ni langu. Ahsanteni."

Kumbe kipaji changu kilikuwa ni masikio.

Halafu Muuguzi akaandika, "Darubini. Ulimwita mkweo kijana?"

Sitasimulia vicheko vilivyofuata. Fundi Saa aliomba radhi, kisha akacheka, kisha akaomba radhi kwa kucheka.

Lakini sheria ni sheria. Nikaandika kwamba nimeuliza swali hewa, shahidi au hapana, na kwamba natoka. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe.

Kimondo akaandika: "Asitoke. Adhabu yake itatekelezwa nyumbani."

Wote wakaafiki, wasaliti wale.

Nikanyanyuka. Nikavaa shati vizuri. Nikabisha.

"Hodi."

"Karibu, Darubini."

Alikuwa kitandani ameketi wima, miwani puani, simu mapajani.

"Shikamoo, Mama." Tulishasalimiana asubuhi, lakini sikuwa na neno jingine.

"Marahaba. Uliniita kijana."

"Nisamehe, Mama, sikujua..."

"Nikusamehe nini? Tangu nistaafu hakuna aliyeniita kijana." Akaivua miwani, akaifuta. "Kaa hapo. Adhabu ni hii. Nimekwama. Sauti ya nahodha imetoka kwenye birika, abiria wote wameisikia. Sasa iwaambie nini? Mtoto anaoga, akitoka anataka hadithi."

Nikakaa. Miaka yote tuliyoishi nyumba moja, sikuwahi kukaa kwenye kiti cha chumba chake.

"Iwaambie njia ya kurudi nyumbani," nikasema.

"Hapana. Nahodha naye alikuwa amepotea. Ndiyo maana alikufa."

"Basi iwaombe radhi."

Akanitazama kwa lile jicho la ukaguzi. "Endelea."

Binti yetu alipotoka kuoga, taulo kichwani, alitukuta tunabishana kama roboti anaweza kulia bila kuunguza nyaya zake.

"Bibi, Baba," akasema, "mtagombana au mtasimulia?"

Tulisimulia. Kwa zamu.

Uenyekiti aliuchukua mama mkwe, kwa kura zote, na yangu imo. Ananifutia maswali bila huruma.

Nawe unayesoma, kabla hujamtegea mtu, hakikisha kwanza mtego si mali yake. Na kama yupo mtu unayeishi naye mkipeana shikamoo na marahaba tu, siku moja vuta kiti, umwulize swali.