Gari la Viti Viwili

Usiniambie habari ya magari yenye mbio. Miaka ya sitini ikielekea kwisha nilikuwa dereva wa meneja wa shamba la chai upande wa Kimulot, na meneja huyo alikuwa na magari mawili. Moja lilikuwa jeusi, kuukuu, la milango minne. Asubuhi za baridi nililipiga hendeli liwake mpaka mkono ukafa ganzi. Kiti chake cha nyuma kilitosha mtu kulala. La pili lilikuwa jekundu, dogo, jepesi, viti viwili basi. Hilo dogo nililipenda, sifichi. Lile jeusi nililiita konokono, na wenzangu kule laini, kwenye nyumba za wafanyakazi, walicheka sana.

Asubuhi moja mke wangu alijifungua mtoto wa kike nyumbani. Mtoto alilia vizuri, lakini damu ya mama yake haikukatika. Mkunga wetu, mama mzee aliyezalisha nusu ya laini, alikuwa amepiga magoti, mkono umekandamiza tumbo la mke wangu.

"Nikikaza hapa inapungua," aliniambia. "Nikiachilia inamwagika. Tafuta gari tumpeleke hospitali Kericho."

Nilikimbia kwa meneja. Alinipa funguo zote mbili, akasema nichukue ninalotaka.

Haki ya Mungu, sikufikiri mara mbili. Nilirudi na lile jekundu. Mkunga alilichungulia kupitia mlangoni, mkono bado uko tumboni mwa mke wangu.

"Na mimi nitakaa wapi, baba?"

"Mama, hili litafika kabla lile jeusi halijawaka."

"Leta lile kubwa! Alale nyuma, nami nimshike."

Nilimfokea. Mimi, kumfokea mama wa umri ule! Nilimwambia ya uzazi ni yake, ya magari aniachie mimi. Tulimviringisha mke wangu kwa shuka na blanketi, nikamketisha kando yangu, mtoto akabaki kwa jirani. Nikakanyaga mafuta.

Lo, lilienda! Sijawahi kuendesha vizuri vile, kona baada ya kona katikati ya majani chai, mikono yangu yote miwili kwenye usukani. Mke wangu alisema anasikia baridi. Nikamwambia avumilie, tunafika. Baadaye hakusema kitu, nami nikafurahi kwamba amepata usingizi. Mjinga mimi.

Hospitalini muuguzi alimshika shingo kutafuta mapigo, akafunua blanketi, akakitazama kile kiti kilicholowa damu.

"Nani alikuwa anamkandamiza tumbo njiani?"

"Tumekuja haraka sana, sista."

Aliniuliza tena, polepole, kama anayesema na mtoto, huku akimfunika mke wangu uso. Nilikaa chini palepale kwenye simenti. Nilijichukia, na sijaacha.

Adhuhuri mkunga aliteremka kwenye lori la maziwa, damu imekauka kwenye leso yake. Alikuja mbio, anakunja mikono ya sweta.

"Yuko chumba gani?" akaniuliza. "Nionyeshe upesi, nimshike."