Irma Alitikisa Kichwa

Nedyalka Uzunova alikuwa mpishi wa chekechea katika mji wa Kalinovets, na kwa miaka ishirini na sita hakuna mtoto aliyekwamwa na mfupa kwenye supu yake. Kila bakuli alilichungulia mwenyewe kabla halijafika mezani. Ndivyo alivyokuwa katika kila jambo. Akisikia king'ora cha gari la wagonjwa, alimpigia simu binti yake. Asiposikia king'ora siku nzima, alimpigia vilevile, maana kimya kingi kina mshindo.

Binti mwenyewe aliitwa Iskra, miaka thelathini na minne, karani wa posta, mrefu, mwenye sauti ya chini na mchumba aliyedumu naye miaka tisa. Mchumba huyo ndiye aliyemfanya Nedyalka anywe matone ya kutuliza moyo asubuhi na jioni. Si kwamba alikuwa mlevi, au mkali. Ognyan alikuwa fundi wa matairi, mikono myeusi, roho nyeupe, na kila vuli alimbebea Nedyalka magunia ya pilipili hoho bila kuombwa. Kasoro yake ilikuwa moja tu: akishasema neno, harudi nyuma.

Na neno alikuwa amelisema. Miaka tisa iliyopita, siku ya Pasaka, watu wakigonganisha mayai mekundu mezani kwa Nedyalka, mama wa watu alishindwa kujizuia akauliza, "Haya, mwanangu, harusi lini?"

Ognyan akaiva uso kuliko yale mayai. Akatazama huku, akatazama kule, macho yakatua juu ya kabati, kwenye kitabu alichokuwa anakisoma Iskra. Kilikuwa sehemu ya kumi na mbili ya Kesi za Kamen na Irma.

"Mama," akasema, "siku Irma atakapomkubali Kamen, Jumamosi inayofuata mimi namwoa Iskra."

Watu walicheka mpaka wakamwaga mvinyo. Iskra hakucheka. Alimenya yai lake taratibu, ganda likatoka lote bila kukatika.

Nedyalka aliacha shule darasa la nane, na hadi siku ile vitabu vyote alivyowahi kusoma vilihusu kusindika matunda. Sasa akaanza kusoma Kesi za Kamen na Irma kama mtu anayesoma majibu ya hospitali. Kamen Drenski alikuwa inspekta asiyelala. Irma alikuwa mfamasia aliyejua sumu zote za duniani. Kila mwaka, wakati wa plamu, zilitoka sehemu mbili, wakati mwingine tatu: maiti huonekana, muuaji hushikwa, na katika ukurasa wa mwisho Kamen hufungua kinywa ili amuulize Irma lile swali, simu ikalia. Katika sehemu ya kumi na saba alipigwa risasi ya taya. Katika ya ishirini na mbili aliuliza, lakini treni ilikuwa imeshaondoka naye Irma yumo ndani. Katika ya ishirini na sita aliuliza kikamilifu, magoti chini, maua mkononi, akawa amemuuliza pacha wa Irma. Nani kamuua nani, Nedyalka hakujali. Waliokufa wamekwisha kufa. Yeye alikuwa na wake aliye hai.

Ikaja sehemu ya thelathini na moja. Nyumba ya kusomea ya mji ilikuwa na nakala moja tu, na Vyara, mkutubi, alimpa Nedyalka kitabu akisome kwanza kwa sababu ya moyo wake. Alikisomea jikoni, viazi vikichemka. Ukurasa wa mwisho, juu ya daraja, simu ya Kamen iliteleza ikatumbukia mtoni. Hakuna treni. Pacha yuko jela. Kamen akauliza, "Irma, utaolewa nami?"

Irma alimtazama. Kisha akatikisa kichwa.

Mwisho.

Nedyalka alipiga yowe, viazi akaviacha, akatoka mbio na aproni mpaka kwa Ognyan. Kwani kuna la kuuliza? Mtu wa Kalinovets akitikisa kichwa huku na huku amekubali. Akikataa hunyanyua kidevu na kupiga kidoko. Hata mtoto wa chekechea anajua, na Nedyalka alikuwa akiwauliza mia kila siku kama wanataka supu zaidi.

Alimkuta Ognyan amekaa juu ya tairi la trekta. Yeye huletewa nakala yake kwa posta, naye alikuwa amekwisha soma.

"Kakubali!" Nedyalka akasema akihema. "Mwanangu, kakubali! Jumamosi!"

"Hatuna hakika, Mama."

"Hakika ya nini tena? Katikisa kichwa!"

"Katikisaje?" Ognyan alikuwa mnyonge kama tairi lililochomwa na msumari. "Irma mama yake ni wa Plovdiv, mtu wa nchi yetu, sawa. Lakini baba yake mtu wa Trieste, Italia. Watu wa kule wakitikisa hivi, wamekataa."

Nedyalka akakaa kwenye tairi la pili. Hilo hakuwa amelifikiria.

Katika meza ya Vyara, kando ya dirisha, daftari la maoni ya wasomaji lilifungwa kwa uzi ili lisiibiwe. Kwa kawaida watu waliandika kwamba herufi ni ndogo, au kwamba muuaji walimjua tangu ukurasa wa tisa. Wiki ile daftari lilijaa. "Amekubali, na wasiokubali hawajawahi kupendwa," aliandika mmoja. Chini yake: "Mimi nimependwa mara tatu na nasema amekataa." Chini yake tena: "Mwenye mara tatu ajitaje jina tumtambue." Mwingine aliandika tu, "Kamen avae koti, darajani kuna upepo."

Vyara alipoona watu wazima wanasukumana kugombea kalamu, aliitisha kikao Alhamisi saa kumi na moja jioni. Walikuja watu kumi na wanne. Ognyan naye alikuja, akasimama nyuma karibu na mlango, kofia mkononi, kama mshtakiwa anayengoja hukumu.

Mwalimu Asparuh, mstaafu wa fizikia, alisimama kwanza na mchoro wa shingo. "Irma aliishi Plovdiv hadi umri wa miaka saba," akasema. "Mazoea ya shingo hukomaa miaka sita. Kwa hiyo ni kichwa cha upande wa mama. Amekubali."

"Mwalimu, wewe mkeo alikutikisia kichwa ukamwoa, na mpaka leo analalamika hukumwelewa," akasema Bibi Minka, mwenye miaka themanini na mbili. Watu wakacheka. "Nisikilizeni mimi. Huyo Mirabela Stoun anayeandika si mwanamke wala si mgeni. Ni babu mmoja wa Pernik, alikuwa mfanyakazi wa reli, anaishi ghorofa moja na binamu yangu. Anaandika akiwa na fulana tu."

"Basi kama ni wa Pernik, katikisa ya kwetu! Amekubali!" akadakia Nedyalka.

"Hapana, mwanangu. Babu yule ni mkaidi. Akiuza kila mwaka, kwa nini awaoze? Ukishamchinja ng'ombe, maziwa utakamua wapi? Kamfanya akatae."

Kelele zikapanda. Vyara akagonga meza kwa mhuri wa maktaba. "Tupige kura. Wanaosema Irma amekubali, wakubali."

Watu wakatikisa vichwa. Wengine wakanyanyua videvu. Wengine, ambao watoto wao wako ughaibuni na huzungumza nao kwenye simu za picha kila Jumapili, wakainamisha vichwa mbele na nyuma. Vyara alihesabu mara tatu akapata kumi na saba, na watu walikuwa kumi na wanne.

Nedyalka hakupiga kura. Alikuwa akimtazama Ognyan. Macho yaliyochungulia mabakuli kwa miaka ishirini na sita hayakosi kuona mfupa. Na aliona hivi: kila mtu aliposema "amekataa", Ognyan alifumba macho, kama mtu anayebonyezwa kwenye kidonda cha zamani. Mtu hahuzuniki hivyo kwa ajili ya Kamen.

Alimvuta kwenye ukumbi wa nje, penye makoti.

"Ognyan. Nani alikukataa?"

"Hakuna, Mama."

"Mimi si askari, lakini vitabu hivi nimevisoma vyote. Sema."

Fundi akaikunja kofia yake mpaka ikawa kama sambusa. "Iskra," akasema. "Wiki moja kabla ya ile Pasaka. Ndani ya gari langu. Nilimuuliza, akatikisa kichwa."

"Si amekubali, mpumbavu wee!"

"Alikuwa ametoka Ujerumani, Mama! Miaka miwili kule anafunga maua kwenye maboksi. Ana siku tano tu tangu arudi. Sikujua katikisa ya kwetu au ya kule."

"Na hukumuuliza?"

"Si nilikuwa nimeshamuuliza?" akasema Ognyan, na macho yake yalikuwa yanang'aa. "Mara ya pili ningeanzia wapi? Nikasema, Irma ni mwanamke mwenye akili, kama Iskra. Naye kichwa chake kina nchi mbili. Akijibu yeye, nitajua."

Miaka tisa ya matone! Nedyalka akatoa simu.

Posta iko ng'ambo ya barabara. Iskra alifika kabla mama yake hajairudisha simu mfukoni, mhuri wa tarehe ungali mkononi.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Miaka tisa iliyopita, ndani ya gari la huyu, uliulizwa neno ukatikisa kichwa. Ulimaanisha nini?"

Iskra alimtazama mama yake, akamtazama Ognyan. "Kwani kutikisa kichwa kuna maana ngapi? Nilimkubali! Nikamkubali, akawasha gari, akanirudisha nyumbani, na sijasikia tena habari hiyo mpaka leo!"

"Hukushangaa?" Ognyan akauliza kwa sauti ndogo.

"Nilidhani umejuta. Halafu Pasaka ukasema unangoja kitabu. Nikasema haya, heri angoje kitabu kuliko angekuwa anangoja mwanamke mwingine."

Hapo mlango ulilia. Kikao kizima kilikuwa kimejibana mlangoni, Bibi Minka mbele.

"Samahani, binti," akasema Mwalimu Asparuh, penseli tayari. "Ulikuwa umerudi siku tano, ndiyo? Hebu tikisa tena vilevile, tuone."

"Mwalimu, mimi si Irma."

"Kidogo tu. Kwa faida ya wasomaji."

"Tikisa, mwanangu," Bibi Minka akasema. "Mimi huenda nisiifikie sehemu nyingine."

Iskra aliuweka mhuri juu ya rafu ya makoti. "Sitikisi kitu," akasema. "Mimi nina mdomo. Ognyan, nakutaka. Wewe unanitaka?"

Ognyan akatikisa kichwa kwa nguvu hata kofia ikamtoka mkononi.

"Mdomo!" wakapiga kelele watu kumi na watatu.

"Nakutaka," akasema Ognyan. Wakamkumbatia wote, mpaka yule wa daftari aliyependwa mara tatu, ambaye kumbe alikuwa Vyara. Kisha yeye mwenyewe Ognyan akaharibu. "Lakini nilisema siku Irma atakapokubali. Watu walinisikia. Neno ni neno."

Nedyalka angemrushia kiatu. Lakini Vyara alikwenda akakata uzi, akaja na daftari la maoni, akaandika kwa herufi kubwa: KIKAO KIMEAMUA KWAMBA IRMA AMEKUBALI. Iskra akauchukua mhuri wake akaugonga chini yake, tarehe na jina la mji, kama barua ya rejesta. Mbele ya mhuri wa serikali Ognyan aliokota kofia yake akasema basi, ni Jumamosi. Bibi Minka aliomba iandikwe kwamba yeye anakubali Irma amekubali, ila amekosea.

Wakaoana Jumamosi. Nedyalka aliichungulia kila sahani, na usiku ule akasahau matone yake kwa mara ya kwanza.

Mwaka ukazunguka, plamu zikaiva, Iskra akiwa na mimba ya miezi saba. Siku moja Vyara alikuja mwenyewe jikoni mwa chekechea, sehemu ya thelathini na mbili ameificha ndani ya gazeti.

"Soma ukurasa wa kwanza," akasema. "Kaa kwanza."

Nedyalka akakaa juu ya gunia la dengu, akasoma. Darajani, nyigu alikuwa ameingia kwenye nywele za Irma. Irma alitikisa kichwa ili nyigu atoke, na swali la Kamen hakulisikia kabisa.

Je, mtu wa neno lake, akigundua kwamba Irma hakukubali, atafanya nini? Huenda asifanye kitu. Huenda akacheka. Nedyalka hakuwa mtu wa kungoja aone. Nakala ya maktaba ikalala chini ya mitungi ya rojo la pilipili, safu ya tatu, na Vyara akaandika katika rejesta kwamba imepelekwa kwa fundi wa kujalidi. Nakala mbili zilizokuwa zikiuzwa kwenye kibanda cha magazeti Bibi Minka alizinunua, akasema za kuwashia jiko. Ikabaki ile ya Ognyan inayokuja kwa posta, na kwa ajili ya hiyo Nedyalka alirudia matone.

Jumapili wakala pamoja. Nedyalka alikuwa anapakua supu.

"Mama," akasema Ognyan, "Irma mwaka huu kachelewa. Au kimeshatoka?"

Nedyalka akatikisa kichwa.

Ognyan akamtazama, mkate mkononi. "Hiyo ni ya kwetu, au ya Trieste?"

"Kula, inapoa."

"Maana mimi nililipia tangu mwezi wa sita, na mpaka leo sijaletewa."

Iskra, bila kuinua macho kwenye bakuli lake, akasema kwamba posta siku hizi, kwa kweli, imekuwa aibu tupu.