Mona ya Mayai Manne

Nilimwokea mtoto wa mume wangu keki ya Pasaka kwa mikono yangu hii. Tena mteja alikuwa mama yangu mzazi.

Naitwa Remei. Nina duka la keki hapa mjini Vic.

Siku chache kabla ya Pasaka mama akaingia dukani.

"Nitengenezee mona moja. Mayai manne."

Nikaacha kukanda unga. Mona, hiyo keki yetu ya Pasaka, unampelekea mtoto uliyemsimamia ubatizo, na mayai ya chokoleti juu yake ndiyo idadi ya miaka ya mtoto. Watoto wa ubatizo wa mama wote wameshaota ndevu!

"Mayai manne ya nani, mama?"

"Mjukuu wa shoga yangu. Wewe oka, umbea wa nini?"

"Niandike jina gani?"

Akasita. "Jofre."

Moyo ukanilipuka paa! Jofre ni jina la marehemu baba mkwe wangu. Mume wangu Bernat aliapa tukipata wa kiume ataitwa hivyo. Miaka tisa hatujapata, na kila nilipolia nililia kifuani kwa mama.

Nikaoka, nikanyamaza.

Jumatatu ya Pasaka Bernat akaaga anakwenda kuvua samaki. Mama akaja, akachukua mona yake, akaelekea stesheni. Nikafunga duka, nikapanda treni ileile, behewa la nyuma.

Akashuka Ripoll, akabonyeza kengele ya nyumba moja karibu na mto.

Mtoto akachomoka mbio. "Mona yangu!"

Nyuma yake akatokea mdogo wangu wa kike, Queralt, ambaye mama alisema yuko Ufaransa miaka mitano sasa. Nyuma ya Queralt, Bernat, ndala miguuni, kama mtu aliye kwake.

Nikashika geti.

"Mama! Ulijua?"

Bernat akainamisha kichwa. Mama wala hakushtuka.

"Ningefanyaje, Remei? Nilitaka mjukuu. Kwako ningengoja mpaka lini?"

Yule mtoto akang'oa yai moja la chokoleti kwenye mona, akaniletea.

"Shika, usilie."

Nikalipokea. Ana kosa gani yeye?

Jamani, kikulacho ki nguoni mwako. Bernat nilimwacha wiki ileile, wala sikutoa chozi. Niliyemlilia kama msiba ni mama, na yupo hai, anakaa mtaa wa pili.

Usimwonyeshe kila mtu kidonda chako, hata aliyekuzaa.