Mguu wa Kupimia Viatu

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi viatu, na mtaa mzima unamwita Chuma. Jina alijipa mwenyewe. Akishapigilia soli, hutia mguu mtupu ndani ya kiatu na kukanyaga kwa nguvu. Akichomwa na msumari, hukirudia kwa nyundo. "Mguu huu haudanganyi," hujigamba, utadhani kauumba yeye.

Mwaka jana wateja wakaanza kurudi wakichechemea. Karani wa posta alimwonyesha soksi yenye damu. Chuma akakivaa kile kiatu, akakanyaga, akacheka.

"Mbona mimi sisikii kitu? Nyie watu wa ofisini mmezidi kudeka!"

Wakati huo alikuwa anamaliza mtungi wa maji peke yake, anakwenda msalani kila mara, na mkanda ameutoboa matundu mapya. Dada akimsihi aende kliniki, jibu lilikuwa tayari: "Mgonjwa gani hasikii hata msumari? Hii ndiyo afya, mama watoto!" Nilitamani kumzaba kibao.

Siku moja dada alikuta usaha kwenye soksi. Chini ya kidole gumba cha mguu palikuwa na kidonda kibichi, na ndani yake msumari wa soli. Bwana alikuwa anatembea nao! Dada akaangua kilio, mimi nikamkokota Chuma hadi kliniki.

Muuguzi alimwambia afumbe macho, kisha akashika uzi mgumu wa plastiki.

"Umesikia nikikugusa?"

"Nimesikia, tena sana," Chuma akajibu, kifua mbele.

"Bado sijakugusa, baba."

Alipomgusa kweli, unyayo mzima, Chuma alikuwa bado anasubiri kuguswa.

"Una kisukari," muuguzi akasema. "Sukari imejaa kwenye damu. Figo zinahangaika kuitoa kwa mkojo, ndiyo maana kiu haikuishi. Na imeshaua mishipa ya fahamu ya miguu. Mguu unaumia, wewe huna habari."

Hospitalini walimkata vidole viwili vya mguu. Wangechelewa kidogo, ungeondoka mguu.

Siku hizi anayejaribu viatu ni dada. Juzi alitia mguu kwenye kiatu cha karani, akaruka: "Aii! Umenichoma!"

Chuma alishika nyundo akirudie kiatu, lakini hakupiga. Aliutazama mguu wa mkewe.

"Bahati yako, wewe unasikia," akasema.